Amevunja ungo darasa la tano, wavulana wakacheka: mwalimu aanzie wapi?

*“Mimi ni mwalimu wa Sayansi na mlezi wa darasa la tano katika shule ya msingi ya parokia, mkoani Kigoma, karibu na ziwa. Wiki iliyopita msichana wa miaka kumi alipata hedhi yake ya kwanza akiwa darasani. Sketi ililowa, wavulana wakacheka, akakimbia nyumbani. Leo ni siku ya sita hajaonekana. Sista, mkuu wetu wa shule, ameniagiza niandae vipindi vya mwili, mahusiano na afya kwa darasa la tano na la sita. Nilipotangaza kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, moto ukawaka. Mama mmoja, Mkatoliki wa kila Jumapili, anasema hayo ni mambo ya wana ndoa na Kanisa haliruhusu. Baba mmoja Mwislamu anasema tunataka kuwafundisha watoto uhuni. Mwingine anauliza mwanamume atafundishaje mabinti. Mimi mwenyewe nina wasiwasi: nianzie wapi, niishie wapi? Mvulana mmoja ameniuliza faraghani kama ndoto nyevu ni dhambi, nikabaki kukohoa. Na je, mtoto akinieleza jambo zito la nyumbani kwao, nifanyeje?”*

Mwalimu, swali lako ni refu na nitalijibu kwa urefu wake, ila kuna mtu mmoja ambaye hawezi kusubiri nimalize. Siku sita ni nyingi kwa mtoto wa miaka kumi. Kila siku inayopita inamfanya aogope zaidi kurudi, maana anajua macho atakayoyakuta ni yale yale. Nenda kwao kesho, na usiende peke yako. Nenda na Sista, au matroni, au mama wa jumuiya yao anayeheshimika. Kijana wa kiume kubisha hodi peke yake kuulizia hedhi ya binti wa watu ni kuongeza neno juu ya neno. Mkifika, aongee mwanamke. Mtoto aambiwe kwamba kilichomtokea ni afya, na kwamba waliocheka ndio waliokosea na wameshaambiwa hivyo. Mama au bibi yake aulizwe taratibu binti anajisitiri kwa nini, na kama kuna anayesema pale nyumbani kuwa “sasa huyu ni mtu mzima.” Mkiisikia sentensi hiyo, tegeni masikio. Mimi ni muuguzi mkunga, na kwa miaka mingi nimezunguka shule za msingi nikifundisha haya haya. Nimeona watoto waliotolewa darasani na sentensi hiyo wasirudi tena.

Sasa nikugeukie wewe. Unaogopa kuvuka mpaka wa imani ya shule yenu, na unaogopa kuwafungua watoto macho kabla ya wakati. Nyuma ya hofu hizo mbili naona nyingine ambayo hukuitaja, kwamba mwenyewe huna maneno. Kukohoa kwako mbele ya yule mvulana kumenieleza zaidi ya aya zako zote. Nakuhakikishia maneno yapo, tena ya Kiswahili safi.

Tuanze na yule mama. Anasema Kanisa haliruhusu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu elimu ya Kikristo, ulisema watoto na vijana, kadiri umri wao unavyosonga, wapewe elimu ya jinsia iliyo njema na yenye busara. Papa Fransisko alilirudia jambo hilo mwaka 2016 katika waraka wake kuhusu upendo katika familia, akasisitiza kwamba mtoto apewe habari kwa wakati wake na kwa namna inayolingana na umri wake. Kwa hiyo si kweli kwamba haliruhusu. Lakini usikimbilie kumshinda huyo mama, maana nusu ya hoja yake ina nguvu kuliko anavyojua. Papa Yohane Paulo II aliandika mwaka 1981 kwamba elimu hii ni haki na wajibu wa wazazi kwanza, na kwamba shule inapoitoa, iitoe wazazi wakiwa wanaangalia. Nikubaliane naye hapo, na nikuambie wazi: kupanga vipindi hukukosea. Ulikosea kuvitangaza kwenye simu kwa watu ambao ulipaswa kuwaomba ushauri mkiwa mmeketi kwenye viti.

Basi itisheni kikao. Na kwa kuwa mko ziwani, tazameni mbalamwezi kabla ya kalenda. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika na akina baba huwa nyumbani. Nimekaa kwenye vikao vya aina hii vilivyojaa akina mama watupu, halafu baba anarudi kutoka ziwani na kupinga kitu ambacho hakukisikia. Kiwekeni wiki hiyo. Waonyesheni michoro mtakayotumia, wasomeeni maneno mtakayoyatamka, waambieni mtakapoishia. Mzazi akiona mchoro wenyewe hupoa, kwa kuwa alichokuwa nacho kichwani kilikuwa kibaya kuliko mchoro. Kwenye grupu usijibizane na mtu. Andika mara moja tu kwamba mtakutana siku fulani na kila mmoja ataona kila kitu, kisha nyamaza hata wakikuchokoza.

Yule baba Mwislamu mpeni kiti cha mbele. Ujiji ni mji wa Waislamu tangu zama za misafara, na watoto wao wamejaa kwenye madawati yenu. Usiende kumhubiria. Muulize madrasa wanafundishaje hedhi, kubaleghe na josho, yaani kuoga kwa kujitoharisha. Hayo ni masomo ya kawaida kabisa kwao, kwa sababu sala na saumu ya mtoto vinategemea kuyajua. Atakueleza mwenyewe, na akishamaliza kueleza atakuwa amejijibu kuhusu uhuni. Mkubaliane mgawanyo: mwili, usafi, heshima na usalama ni kwa darasa zima, mafundisho ya Kanisa juu ya usafi wa moyo na sakramenti ya ndoa yabaki kwenye kipindi cha dini. Nimeona mgawanyo huu ukitia amani pande zote, na haumnyimi mtoto yeyote kitu anachokihitaji.

Hofu ya kuwafungua macho mapema ni ya kweli na haistahili kudharauliwa. Ila imechunguzwa. UNESCO ilipotoa mwongozo wake wa elimu ya jinsia mwaka 2009, na ilipourekebisha mwaka 2018, ilipitia tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali, ikakuta kwamba watoto wanaofundishwa haya hawaanzi ngono mapema kuliko wenzao. Mwongozo ule na mafundisho ya Kanisa havikubaliani katika kila kitu, na sikushauri uubebe mzima hadi darasani kwenu. Kwa swali hili moja, jibu liko wazi. Isitoshe, watoto wako hawajafumba macho. Wanafundishwa kwenye simu ya kaka, kwenye vibanda umiza, na kijiweni kwa bodaboda. Huko hakuna anayeita kikao cha wazazi.

Sasa mwili wenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mwalimu anayeelewa jambo linavyotokea haoni haya kulieleza.

Miaka kumi ni mapema kidogo, lakini ni ndani ya kawaida. Balehe haianzi na damu. Inaanza kichwani. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo miaka yote ya utoto huwa kama imelala. Wakati ukifika huanza kutoa homoni kwa vipindi, kwanza usiku mtoto akiwa usingizini, kama mtu anayegonga mlango, anaacha, anagonga tena. Anayegongewa ni tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa punje ya mbaazi, nayo hupeleka ujumbe kwa njia ya damu hadi kwenye ovari za msichana au korodani za mvulana. Ovari hutoa estrojeni, korodani hutoa testosteroni. Mengine yote unayoyaona darasani, chunusi, jasho la kwapani, sauti inayopasuka katikati ya kusoma, yanatoka huko.

Kwa msichana, dalili ya kwanza kwa kawaida ni uvimbe mdogo chini ya chuchu, mara nyingi upande mmoja ukitangulia. Akina mama wameniletea mabinti wengi wakidhani ni jipu. Dalili hiyo huanza popote kati ya miaka 8 na 13. Zinafuata nywele na kurefuka kwa ghafla. Hedhi huja karibu na mwisho wa safari, miaka miwili hivi au zaidi kidogo tangu matiti yaanze kuchomoza. Piga hesabu, Mwalimu. Binti yule alikuwa anabalehe tangu darasa la tatu, na watu wazima wote waliomzunguka walimwona akirefuka wakasema anakula vizuri.

Wavulana huanza baadaye kidogo, kati ya miaka 9 na 14, kwa korodani kukua, na kurefuka kwao huchelewa kuliko kwa wasichana kwa takriban miaka miwili. Ndiyo maana darasa la tano lina mabinti warefu waliokaa nyuma na wavulana wadogo waliokaa mbele. Waliocheka siku ile wengi wao walikuwa hawajui walichokiona. Wengine, nakuhakikishia, walidhani amejeruhiwa na wakacheka kwa woga. Hilo haliwaondolei kosa, lakini linakuonyesha dawa yake. Kiboko hakitamfundisha mvulana hedhi ni nini.

Na hedhi ni nini? Si damu chafu. Nalisema hili kila mahali na bado bibi mmoja hunifuata nje ya darasa kunisahihisha. Mji wa mimba hujitandikia ukuta laini wenye damu, kama mtu anayetandika kitanda kwa ajili ya mgeni. Mgeni asipokuja, matandiko hutolewa, na baadaye kitanda hutandikwa upya. Damu ile ni damu ile ile ambayo ingemlisha mgeni huyo, yaani mimba; haina sumu wala laana. Haichachishi maziwa, na binti akipita shambani mboga hazinyauki. Maumivu ya tumbo hutokana na kemikali ziitwazo prostaglandini zinazoufanya mji wa mimba ujikaze ili usukume nje. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga husaidia, kutembea husaidia, na dawa ya maumivu hufaa akipewa na mzazi au muuguzi anayejua kipimo chake.

Kwetu tunasema binti “yuko mwezini,” na wengi huamini hedhi inaufuata mwezi wa angani. Wavuvi wa kwenu watakuambia mwezi hauwadanganyi: siku ishirini na tisa na nusu hivi, unarudi. Hedhi ya binti mpya haina nidhamu hiyo. Mwaka wa kwanza na wa pili inaweza kuja baada ya siku 21, kisha baada ya 45, kwa kuwa mara nyingi ovari bado haijaanza kuachia yai kila mzunguko. Mfundishe kuweka alama kwenye daftari. Asiogope ikichelewa, wala asidanganyike kwamba ikichelewa hakuna yai.

Kuhusu “amekua.” Kuvunja ungo hakumaanishi mwili umekamilika. Nyonga za mtoto huyu zitaendelea kukua kwa miaka. Nimesimama na mabinti wadogo kwenye vyumba vya kujifungulia: njia haitoshi, mtoto anakwama, kifafa cha mimba kinawapata, na wanaopona baadhi yao wanatoka na fistula. Waambieni wazazi hivyo kwenye kikao, bila kupamba. Na waambieni pia kwamba tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30.

Sasa maneno. Darasani tumia majina yenyewe: uume, uke, korodani, matiti, hedhi. Sema kama unavyosema ini na figo, kwa sauti ile ile, na usitabasamu. Watacheka siku ya kwanza. Siku ya tatu wamechoka kucheka. Sisemi hivi kwa kupenda usasa. Kuna mtoto mmoja aliletwa zahanati mara mbili akilalamika tumbo linauma, mara mbili akapewa dawa ya minyoo. Mara ya tatu ndipo mhudumu alipomketisha na kumuuliza tumbo la wapi. Halikuwa tumbo. Hakuwahi kufundishwa jina la mahali palipokuwa pakiumizwa, ila alijua kwamba kupataja ni matusi. Mweleze yule mama wa Jumapili kisa hiki. Sijaona mzazi aliyekisikia akaendelea kupinga majina.

Katika mahusiano, msianze na wapenzi. Anzeni na urafiki: kusema samahani, kukataa bila kutukana, kukataliwa bila kulipiza, kutomcheka mwenzako sketi yake ikilowa. Kisha mje kwenye utani, na hapa nataka uwe mwangalifu. Vitabu vilivyoandikwa mbali vitakuambia mtoto afundishwe kukataa kila mtu anayemwita mchumba. Lakini kwetu babu humwita mjukuu wake “mke wangu,” na bibi humwita mvulana “mume wangu,” na nyumba nzima inacheka. Ukimfundisha mtoto kwamba babu yake ni mhalifu, utapoteza kikao chote, na utakuwa umekosea kweli. Mfundishe kupambanua. Utani husemwa mbele za watu. Hauna siri, hauna kushikana, hauna zawadi ya kificho, na ukimwambia babu sitaki leo, anaacha. Siku mtu akikutania mkiwa wawili tu na akakuambia usimwambie mama, huo si utani hata kama ni mjomba, hata kama ni mwalimu, hata kama ni mtu wa kanisani. Watoto huelewa tofauti hii upesi kuliko sisi. Niliwahi kumsikia msichana wa darasa la nne akimfafanulia mwenzake: “Utani wa babu unasikika hadi jikoni.” Tangu hapo nimeuiba msemo huo na ninautumia.

Malizieni hapo na zawadi: nauli, chipsi, lifti ya bodaboda, fungu la dagaa la bure kwa binti aliyetumwa mwaloni. Mtoto ajizoeze kusema nyumbani kila anachopewa na aliyempa.

Uishie wapi? Kwa darasa la tano, mabadiliko ya mwili, usafi, heshima na usalama vinatosha. Kwa darasa la sita ongeza jinsi uhai unavyoanza: mbegu ya baba na yai la mama, mimba, kuzaliwa, na kwa nini Kanisa linaiweka zawadi hiyo ndani ya ndoa. Wenzangu wa afya wapo ambao wangetaka uende mbali zaidi, hadi njia za uzazi wa mpango. Kwa umri huo na katika shule hiyo, mimi sikushauri. Lakini nikuonye: ukigundua mtoto fulani tayari yuko hatarini, mpango wa somo hautamsaidia. Huyo anahitaji mtu wa afya na ustawi wa jamii, yeye binafsi, haraka. Swali linalozidi somo lisijibiwe kwa uongo. Sema, “Hilo ni swali zuri, nitamwomba mzazi wako mzungumze,” na kweli umwambie mzazi. Wekeni sanduku la maswali lenye kufuli, kila mtoto atumbukize karatasi hata kama ni tupu, ili anayeuliza asijulikane.

Je, mwanamume afundishe mabinti? Mzazi yule ameuliza swali la haki. Kuwatenganisha watoto kunawapa wasichana nafasi ya kuuliza, lakini kunawaacha wavulana na ujinga ule ule uliozaa kicheko. Kuwachanganya kote kunafundisha heshima, ila hakuna binti atakayeuliza kuhusu pedi mbele ya kaka zake. Mimi huchanganya mambo ya jumla: mwili unavyobadilika, hedhi ni nini, usalama, heshima. Maswali na vitendo, kama kuvaa na kufua taulo za kike, wanatengana. Kwa wasichana mwiteni muuguzi wa zahanati au mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, mwenye ulimi mtulivu. Mlezi wa namna hiyo Waswahili wa zamani walimwita somo, na kazi yake haijapitwa na wakati. Wewe kaa na wavulana. Wanakuhitaji kuliko unavyodhani. Na mlango uwe wazi, au mtu mzima wa pili awepo, siku zote.

Ukiwa nao, mjibu yule wako. Ndoto nyevu hutokea mwili ukiwa umeanza kutengeneza mbegu; usiku, usingizini, zinatoka zenyewe. Wengine huota, wengine hawaoti chochote. Wengine hawapati kabisa, nao ni wazima. Kanisa linafundisha kwamba dhambi inahitaji kujua na kukubali, na aliyelala hajakubali lolote. Wenzake Waislamu nao hawaandikiwi dhambi, ila wanawajibika kuoga josho. Mwambie abadilishe nguo, afue shuka lake, aende shule. Msifu kwa kuuliza.

Sasa mtoto akikueleza jambo zito. Msikilize hadi mwisho, usimkatize, usishtuke usoni. Usimwahidi siri. Mwambie, “Umefanya vizuri kuniambia. Nitawaambia watu wanaoweza kukusaidia, na nitakuambia ni nani.” Usimhoji kama polisi, usimrudishe aseme mbele ya walimu watano. Akishaondoka, andika maneno yake kama alivyoyasema, na siku hiyo hiyo mpelekee Sista, kisha ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwagiza kila mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa serikali ya mtaa au kijiji. Si hiari yako wala ya paroko. Namba 116 ni ya bure, piga hata wewe ukihitaji ushauri. Kama ameingiliwa, asiogeshwe, nguo zisifuliwe, apelekwe hospitali upesi. Dawa za kuzuia VVU zina maana zikianza ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inazipunguzia nguvu. Fomu ya PF3 ifuatiliwe polisi, lakini mtoto anayetoka damu asikalishwe kwenye benchi akisubiri karatasi.

Watakuja wazee kusema mambo haya yamalizwe kifamilia. Watakuja na mbuzi, na fedha, na machozi ya kweli. Uwasikilize kwa adabu na usibadilishe kitu. Na kama anayetuhumiwa ni mwalimu mwenzako au mtumishi wa kanisa, njia ni ile ile, bila kupitia mlango wa nyuma. Tangu mwaka 2019 Papa Fransisko aliwawajibisha mapadre na watawa kutoa taarifa za dhuluma hizi ndani ya Kanisa. Wajibu huo haufuti ule wa polisi.

Kwenye kikao mtaulizwa pia kuhusu chanjo ya HPV, maana uvumi kwamba inafunga kizazi unasambaa kila kampeni ikija. Haifungi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na husababishwa na virusi viitwavyo HPV vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, kwa hiyo chanjo hutolewa kabla. Ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa mabinti wa miaka 14. Tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Muuguzi awepo kulijibu hilo, usilibebe wewe.

Wapo wa kupelekwa hospitali, zahanati kwanza, na ikishindikana Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wenu. Msichana anayeota matiti kabla ya miaka 8, au mvulana anayeonyesha dalili kabla ya 9. Binti anayetoka damu zaidi ya siku saba, au anayelowesha pedi nzima kila saa moja au mbili, hasa akiwa na kizunguzungu na viganja vyeupe. Maumivu yanayomlaza kitandani kila mwezi. Aliyefika miaka 15 bila hedhi, na mvulana wa miaka 14 asiye na dalili yoyote. Damu inayoonekana kwenye mkojo tu si hedhi, fikirieni kichocho. Na mtoto aliyebadilika ghafla, mchangamfu akawa kimya, akaanza kukojoa kitandani au kukataa kwenda nyumba fulani, huyo msimwache akae hadi mwisho wa muhula.

Vipindi vinaweza kusubiri mwezi mpevu. Choo hakisubiri. Nenda leo ukaangalie choo cha wasichana kama mlango unafunga kwa ndani. Uhakikishe kuna ndoo ya maji, sabuni, na pipa lenye kifuniko. Mwombe Sista kabati dogo ofisini kwa matroni: taulo za kike pakiti kadhaa, chupi mpya, kanga mbili nyeusi, sketi ya akiba. Ufunguo akae nao matroni, na kila msichana ajue anaweza kuomba kwa kusema neno moja mtakalokubaliana, bila kueleza. Siku binti yule atakaporudi, awe wa kwanza kuonyeshwa lilipo kabati, na komeo la choo liwe limeshawekwa.